Karatasi Ikilala, Nyundo Huamka

"Karatasi ikilala, nyundo huamka." Ndivyo msimamizi alivyowaambia leo asubuhi, nanyi mkatazamana. Mmefanya vema kuuliza. Siku hizi watu huitumia methali hii kwa mambo mengi, hata kwa posa iliyocheleweshewa jibu. Lakini chimbuko lake ni nguzo za bweni la shule, na mwanzo wake ulikuwa huu.

Songea palikuwa na mkandarasi aitwaye Hyasinti Mbawala. Alianza kwa kupiga lipu nyumba za watu, akapanda polepole hadi akawa na kampuni yake mwenyewe. Alikuwa mtu mwaminifu, ila aliwahi kuumwa na nyoka: karani wake mmoja alighushi hati za kununulia saruji, akamwibia mpaka akakaribia kufilisika. Tangu hapo akaweka sheria moja. Hakuna karatasi iliyotoka ofisini bila sahihi ya mkono wake. Iwe mchoro, iwe oda ya nondo, iwe hati ya kudai malipo, ilitembezwa meza kwa meza mpaka ifike kwake, na ikifika, ikangoja.

Huyo ndiye aliyemwajiri Mhandisi Skolastika Haule kusimamia ujenzi wa bweni la ghorofa la wasichana, mbali na mji. Ilikuwa kazi ya kwanza aliyokabidhiwa peke yake. Wasichana wa shule ile walilala madarasani, madawati yakisukumwa ukutani kila jioni, na mwalimu mkuu hakukosa kumuuliza kila alipopita: "Tutahamia lini, mama?"

Msingi ulipochimbwa, Skolastika aliona udongo wa upande wa mashariki ni laini kuliko ilivyotarajiwa. Akamwita mhandisi mshauri, Bwana Mzuzuri, mtu wa maneno machache. Mzuzuri akaufinyanga ule udongo kiganjani.

"Nitapiga hesabu upya," alisema. "Nguzo zikihitaji kunenepeshwa, mchoro mpya nitautuma ofisini kwenu."

Skolastika akasubiri. Kila alipopiga simu ofisini, Bi Auksilia, katibu wa kampuni, alimjibu kwa upole: "Hakuna mchoro uliotoka, Injinia." Lilikuwa jibu la kweli. Mchoro ulikuwa umeingia, lakini haukuwa umetoka. Ulikuwa juu ya meza ya Mzee Mbawala, na Mzee alikuwa Mbinga kwenye harusi ya mpwa wake.

Mvua zilikaribia. Mafundi walikaa bila kazi nao wanalipwa. Skolastika akaona kwamba kama yangekuwapo mabadiliko, yangekwisha kufika. Akaamuru zege limwagwe kwa mchoro wa zamani.

Fundi mkuu, Osmundi Tindwa, alizisimamisha nguzo zile kwa mapenzi. Mbao zilipobanduliwa, nguzo zilionekana laini, zimenyooka, na Osmundi akazipapasa kama mtu anayepapasa shingo ya ng'ombe wake. Siku Bwana Mzuzuri alipokuja kukagua, Osmundi ndiye aliyemtangulia kumwonyesha. Mzuzuri akapima ya kwanza, akapima ya pili, akakunja futi yake.

"Hizi mmezijenga kwa mchoro gani?"

Skolastika akamwonyesha.

"Huu niliufuta. Mpya niliutuma zamani." Akamtazama yule mhandisi kijana, sauti ikamshuka. "Samahani, dada. Haziwezi kubeba ghorofa. Zivunjwe."

Hapohapo Skolastika akampigia simu mwajiri wake na kumweleza. Upande wa pili karatasi zikasikika zikipekuliwa.

"Mchoro ninao mimi," Mzee Mbawala akasema hatimaye. "Uko hapa mbele yangu."

Alifika mwenyewe kesho yake, akakuta uvunjaji umeshaanza. Nguzo nzuri hazivunjiki kirahisi, na zile zilikuwa nzuri. Mafundi walizipiga kwa nyundo na tindo, vumbi limewatanda kope. Osmundi hakukubali mtu mwingine azivunje zile alizozipenda. Mzee aliposogea na kumsalimu, aliitikia bila kugeuka, akapiga pigo moja, kisha akasema:

"Karatasi ikilala, Mzee, nyundo huamka."

Nyundo zote zikatulia. Mzee Mbawala alisimama akitazama kifusi, kisha akamwita Skolastika kando.

"Nilikuja na nia ya kukufukuza," alisema. "Njiani nikakosa la kukushtaki."

"Nami nina kosa, Mzee. Niliuliza kilichotoka, sikuuliza kilichoingia."

"Mimi nilikuwa harusini."

"Na harusi zipo nyingine, Mzee. Misiba nayo ipo. Kila ukiondoka, kampuni nzima itakaa kitako."

Mzee akamkazia macho. "Unataka niache kutia sahihi? Mimi nimeibiwa, mama. Hukuwapo."

"Tia sahihi, Mzee. Lakini karatasi ikufuate ulipo, isikungoje mezani."

Akamweleza kwamba kuna mpango wa kompyuta unaofanya kazi hiyo. Mchoro ukiingia, simu za wote wanaohusika hulia kwa pamoja. Mkubwa huidhinisha popote alipo, na mchoro wa zamani hufungwa usitumike tena. Tena karatasi ikikwama, jina la aliyeikalia huonekana na kila mtu.

"Nao unauzwaje?"

"Hauifikii bei ya hiyo nguzo moja unayoisikia ikivunjwa. Halafu, Mzee, kwenye rundo lako Bi Auksilia amekuta na hati zetu za kudai malipo. Tunakopa benki kulipa mishahara, na riba tunalipa, kumbe fedha zetu wenyewe hatujaziomba."

Hilo lilimchoma kuliko nguzo. Akakubali, kwa shingo upande.

Mwanzo haukuwa mzuri. Wino mwekundu wa ule mpango ulionyesha jina moja tu, siku baada ya siku: Mbawala. Bi Auksilia alikosa pa kuweka uso kwa aibu. Mzee alinuna, akatishia kuutupa mtambo wote, kisha akaanza kuidhinisha kabla ya chai, ili watu wasione jina lake.

Nguzo mpya zikasimama, ukuta ukapanda. Siku ya kumwaga zege la boriti za juu, Mzee alikuwa kijijini kwao akimzika shangazi yake. Simu ikatetema mfukoni. Bwana Mzuzuri alikuwa amegundua kwamba tangi la maji litakalokaa juu ni kubwa kuliko lililokusudiwa, hivyo boriti mbili ziongezwe nondo. Mzee akasogea hadi kwenye ua, akausoma mchoro akiukuza kwa vidole, akaidhinisha, akarudi kushika sepetu.

Huku bwenini mashine ya zege ilikuwa imeshaanza kuzunguka. Simu ya Skolastika ikalia. Akaitazama mara moja, akapiga kelele: "Simamisha!"

Osmundi akaja amekunja uso. Alipouona mchoro, uso ukakunjuka. Akaagiza nondo zikatwe, na jioni zege likamwagwa. Siku hiyo hakuna kilichovunjwa.

Hasara ya nguzo haikurudi, na mwaka ule Mzee hakupata faida ya kutajika. Lakini benki hakukopa tena kwa ajili ya mishahara. Muuza nondo, kwa kuwa sasa alilipwa kwa wakati, akaanza kumpunguzia bei. Wasichana wakahamia, magodoro kichwani, wakiimba.

Mafundi wakatawanyika kwenda kazi nyingine, Njombe, Masasi, wakaenda na maneno ya Osmundi. Lakini aliyeyasema kuliko wote ni yule ambaye yalimwaibisha. Wakandarasi vijana walikuwa wakija kujisifu mbele ya Mzee Mbawala kwamba kwao hakuna kinachotoka bila wao kukiona. Mzee huwasikiliza mpaka mwisho, huwauliza wana mafundi wangapi, na kila mmoja ana nyundo ya uzito gani. Wakishangaa swali hilo, huwajibu:

"Karatasi ikilala, nyundo huamka."