Raba za Fisi na Magoti ya Bibi Nyumbu

Mwaka ule jua liliwaka hata kupe wakawa wananyonya kwa zamu. Nyumbu wakaafikiana: kesho alfajiri wote watakimbilia ng'ambo ya mto, kwenye majani mabichi. Atakayebaki nyuma ni wa Simba. Haikuwa siri. Simba mwenyewe alishatuma salamu.

Bibi Nyumbu alizipokea habari hizo magoti yakimlia ko, ko, ko. Safari hiyo alikwisha kuikimbia mara kumi na sita, na mwaka mmoja alipotea akahama na pundamilia bila kujijua. Lakini siku hizi mguu wa mbele wa kushoto ulichota vumbi, na wajukuu walimpita mbio wakimwamkia, "Shikamoo, Bibi! Kwaheri, Bibi!"

Karibu na kisima akamkuta Fisi ametandaza turubai, amepanga raba alizookota kwenye kambi ya watalii.

"Karibu, binti," alisema Fisi.

Binti! Bibi Nyumbu akasimama papo hapo.

"Hebu kimbia kidogo niuone mwendo wako."

Akakimbia hadi kwenye kichuguu na kurudi. Fisi aliyatazama mapaja yake kwa makini sana, akifuta mate.

"Mwendo huo umepitwa na wakati. Kimbia kama swala: kifua mbele, magoti juu! Na kiatu kiwe chembamba, kikubane. Kikikubana unakuwa mwepesi."

"Na malipo?"

"Usijali. Tutaonana hukohuko njiani. Mimi nitakuwa nyuma yako tu."

Bibi akaona huo ndio ukarimu. Akavaa raba zote nne, akaruka kama swala. Mruko wa kwanza ulipendeza. Wa pili ulimwangusha kifudifudi.

"Utazoea," alisema Fisi.

Juu ya kichuguu alikaa Sungura, akitafuna mzizi. "Shikamoo, Bibi. Umekuwa swala tangu lini?"

"Marahaba. Usinicheke, mjukuu wangu. Nikichelewa kesho, naliwa."

Sungura akashuka, akamvua raba, akamkanyagisha tope la kisima. Wote wawili wakainama kuzitazama alama. Kwato zilikuwa zimetanuka, na ule wa kushoto ulielekea nje.

"Bibi," Sungura alinong'ona, "raba hizi unanunulia miguu ya enzi zile. Hii ya leo inataka nafasi."

Kisha akapaza sauti. "Bwana Fisi, raba ni nzuri, ila ni ngumu. Zivae wewe mpaka asubuhi, umlainishie mteja wako."

"Mimi?"

"Ama Bibi aende peku. Akienda peku, nasikia anakimbia vibaya sana. Vibaya kwako: humpati."

Fisi akayafikiria yale mapaja. Akavaa zote nne. Sungura akamfunga kamba, mafundo matatu kila mguu. Halafu akaokota kipande cha tairi, akamkatia Bibi katambuga mbili pana za miguu ya mbele, akazitandikia nyasi kavu.

"Usiruke, Bibi. Hatua fupi. Hiyo ko-ko-ko ndiyo ngoma yako, ifuate."

Kulipopambazuka, nyumbu wakatimka. Miguu ya Fisi ilikuwa imevimba kama viazi vikuu. Alijaribu kung'ata mafundo, akajing'ata kidole. Ko, ko, ko, Bibi akampita.

"Zimelainika, Bwana Fisi?"

"Bado!"

"Basi endelea nazo, baba. Utazoea."

Simba alipofika nyuma ya msafara, wa mwisho alikuwa Fisi, anatambaa.

"Mkuu, mimi nauza viatu tu!"

Simba akamnusa, akakunja pua. "Mfalme hali fisi. Lakini kumpiga, anampiga." Akamchapa kofi moja la kiunoni. Ndiyo maana mpaka leo Fisi akikimbia, makalio yanaburuzika nyuma kama yamesahauliwa.

Adhuhuri, Bibi Nyumbu akatokea ng'ambo, vumbi mpaka kwenye kope.

"Bibi!" wajukuu walipiga kelele. "Tulijua umeliwa!"

"Marahaba," alijibu, ijapokuwa hawakumwamkia. Akainamisha kichwa kwenye majani, katambuga zikiwa bado miguuni, akala mpaka magoti yakanyamaza.

Nawe unayechagua kiatu huku ukiukumbuka ujana wako, kanyaga tope kwanza, uutazame mguu ulio nao.