Karatasi ya Mzee Ambakisye

Hii hutaiamini. Hata mimi nisingeamini, ila ile karatasi nimeiona kwa macho yangu na nimeipiga picha kwa simu hii hii ninayoandikia. Wenyewe wameniruhusu.

"Ukichomoa ukurasa wa kuanguka, wa kuinuka nao hutoka." Hivyo ndivyo alivyosema shangazi Atupele juzi, anamenya ndizi. Tukamuuliza, shangazi, hiyo umeitoa wapi? Akaweka kisu chini. Methali hii, akasema, ilianzia kwenye kikundi chetu, na ilianza hivi.

Hapa Tukuyu kuna kikundi cha watu walioacha pombe. Hakina ofisi wala mtu anayelipwa. Wanakutana Alhamisi mchana kwenye chumba cha fundi cherehani, na wanajuana kwa jina moja tu. Ukija siku ya kwanza, unaandika kwenye daftari kwa mkono wako: jina, tarehe, sentensi moja. Ukianguka ukarudi, kwanza unaisoma kwa sauti ile sentensi yako ya kwanza, ndipo unaandika nyingine. Hakuna kufuta.

Mtunzaji wa madaftari ni shangazi. Yeye hasomi yaliyoandikwa, anatunza tu. Na mvua ya Tukuyu mnaijua, karatasi inaota ukungu ndani ya wiki. Kwa hiyo ameyaweka kwenye kopo kubwa la biskuti pamoja na mkaa mkavu uliofungwa kitambaani, na kila Jumamosi anabadilisha mkaa. Miaka kumi na tano, yaani! Mimi kuchaji simu tu nasahau.

Sasa, kikundi alikianzisha Mzee Ambakisye, na wote waliamini kwamba tangu siku ile hajagusa tena. Kumbe mwaka wa tatu alianguka, akarudi, akaandika. Waliokuwepo walishahama au kufariki. Ilipokaribia sherehe ya miaka ishirini na moja, wakakubaliana kila mtu asome ukurasa wake mbele ya wenzake. Mzee akaona aibu. Akaazima daftari, eti anaandaa hotuba. Akiuchana ukurasa, kipande kitabaki kwenye pini na watu watauliza. Kwa hiyo akafungua pini, akaitoa karatasi nzima, akazibana tena, akalirudisha daftari.

Lakini karatasi ya daftari hukunjwa katikati, upande mmoja huwa mbele na wa pili huwa kule nyuma. Upande ule wa nyuma alikuwa ameandika Lusajo, mwenzao kikundini, siku yake ya kwanza. Mzee aliuona. Akajiambia Lusajo yuko imara, miaka tisa bila tone, nani atauliza?

Alhamisi iliyofuata Lusajo akaingia ananuka pombe. Ameanguka siku nne. Akaomba sentensi yake. Shangazi akafungua daftari, wakatafuta mbele, wakatafuta nyuma. Haipo.

"Basi sikuwahi kuwa hapa," Lusajo akasema, akasimama. "Tena afadhali. Mzee hajaanguka hata siku moja. Mimi si wa aina yenu."

"Kaa, Lusajo," fundi akamwambia. "Hata kamba za viatu hujafunga, unakwenda wapi?"

Hakukaa. Alikuwa anakwenda kilabuni, na kila mtu alijua. Alipofika mlangoni, Mzee Ambakisye akatia mkono ndani ya koti.

"Mwanangu, ukurasa wako ninao mimi. Ila siwezi kukupa nusu. Anza na wangu."

Akampa karatasi mbele ya watu wote. Lusajo akasoma kwa sauti: "Nimeanguka siku kumi na nne, naona aibu, lakini nimerudi kwa miguu yangu."

Lusajo akamgeukia mzee.

"Kumi na nne, Mzee? Mimi nne tu."

"Nimekushinda. Kaa basi."

Akakaa. Akageukia upande wake, akausoma kwa sauti, halafu akaomba kalamu.

Fundi akatoa sindano na uzi mweusi, shangazi akaishona karatasi mahali pake, na ndipo akayasema yale maneno. Ule uzi nimeugusa. Na siku ya sherehe, shangazi anasema, Mzee ndiye aliyesoma wa kwanza.

Ukichomoa ukurasa wa kuanguka, wa kuinuka nao hutoka. Sasa wewe, ungekuwa Mzee Ambakisye, karatasi iko ndani ya koti na Lusajo yuko mlangoni, ungeitoa?