Saumu ya Shekuwe

Apeni kwanza kwamba hili halitatoka hapa. Mmeapa? Vizuri. Mie nimeshamwambia jirani wa kulia na wa kushoto, lakini nyinyi fungeni midomo.

Hapo zamani aliishi Shekuwe, askari mstaafu wa mfalme, na mkewe Mwanaiki. Vitani mkuki ulimkata Shekuwe mishipa ya mkono wa kulia. Vidole vikafa, havishiki hata tonge. Ale kwa kushoto mbele za watu? Bora afe! Basi kila karamu, "Nimefunga." Harusini, kafunga. Matangani, kafunga. Watu wakamwita walii, wakamletea watoto awaombee dua. Nyumbani mkewe akimlisha, mlango umekomewa.

Maisha yakawabana. Mwanaiki akamsukuma akadai fidia ya majeruhi, shamba lenye kisima. Mbele ya baraza Shekuwe, bwana mkubwa, akauficha mkono ndani ya kanzu. "Unauma kidogo tu."

"Maumivu kidogo hayalipwi," wakamjibu.

Ikabaki rufaa, na rufaa ni moja tu. Desturi yake, shahidi atakayeigeuza hukumu hupewa ng'ombe mwenye mimba.

Siku ya rufaa ikafika, mbele ya Mwamuzi. Mwanaiki akasimama. "Bwana Mwamuzi, miaka yote namlisha mimi!"

"Mke humsemea mumewe, na ugonjwa wa mkono huigizwa. Nani mwingine kaona?"

Hakuna aliyejitokeza. Mwanaiki akaketi. Akaliona shamba likienda.

Baraza likapumzika kula, biriani ikaletwa ukumbini. Shekuwe akajiondokea: "Nimefunga."

"Shoga, walii wako kaenda wapi?" akanong'ona jirani yao, Bi Tausi.

"Apa kwanza husemi," akasema Mwanaiki. Bi Tausi akaapa. "Nimemfichia sahani nyuma ya lile pazia."

Bi Tausi huyoo, akalivuta pazia, fwaa!

Loo! Walii wa mtaa, mashavu yamefura, mkono wa kushoto umezama kwenye biriani, wa kulia umelala mapajani kama samaki aliyekufa. Ukumbi mzima umesimama!

"Mwenye kuigiza huigiza mbele za watu," akasema Mwamuzi. "Huyu alijificha. Shamba ni lake!"

Vigelegele! Mwanaiki analia na kucheka.

"Na ng'ombe wangu?" akadakia Bi Tausi. "Pazia lilijifunua lenyewe?"

"Mwone! Si uliapa wewe?" akawaka Mwanaiki. "Mie nilisema kweli kabla yako, na sahani nimeiweka mie!"

Shekuwe akameza tonge. "Jamani, aliyeumbuka nani hapa? Ushahidi si huu mkono wangu?"

Mwamuzi kashika kamba ya ng'ombe, hajui aielekeze wapi. Je, nyie mngemkabidhi nani?