Asumini ya Ghorofa ya Tatu

Tone la juu likikoma, asumini husema.

Hakuna methali inayosemwa katika majumba haya ya ghorofa ambayo mimi siijui ilikozaliwa. Zote ninazijua. Haya, si zote. Ninazijua tatu, na moja kati ya hizo nilidanganywa. Lakini hii mliyoisikia asubuhi ngazini, mkacheka mkidhani mama wa watu aliyeisema ana homa, hii ni ya kweli, wala si ya zamani za wafalme. Aliyeitamka kwanza hakuwa mzee wa busara, alikuwa msichana anayekaribia kuolewa. Aliyeisikia alikuwa mwanamke anayeanika nguo, naye ndiye aliyeishusha ngazi, ikafika chini kabla nguo hazijakauka. Kaeni basi. Mwenye kumenya vitunguu na amenye, masikio hayana kazi na mikono. Mwanzo wake ni huu.

Katika ghorofa ya tatu ya jumba moja refu, hapa hapa Unguja mjini, alikaa mwanamke akiitwa Bi Zuwena. Alikuwa mtu wa mjini hasa. Akienda Makunduchi kwa maziko, akirudi husimulia safari kama aliyetoka Hijja. Nyumbani kwake hapakuwa na kitu cha kumwonyesha mgeni isipokuwa kimoja, nacho kilikuwa nje, kwenye roshani: asumini iliyopanda mpaka juu ya chuma cha dirisha, ikichanua maua meupe mpaka wapita njia huko chini wakisimama kunusa.

Asumini ile hakuipanda yeye. Aliipanda binti yake Arafa, katika sufuria kubwa ya biriani iliyotoboka, siku alipojua kuwa ana mimba. Alisema akizaa mtoto wa kike, siku ya harusi yake atavishwa maua ya sufuria ile. Akazaa mtoto wa kike, akamwita Salha. Lakini Arafa hakujaaliwa kumsuka mwanawe hata nywele; homa ilimchukua yeye, mtoto akiwa bado anatambaa. Salha akalelewa kwa jamaa za baba yake, Bububu, na Bi Zuwena akabakiwa na vitu viwili vya marehemu: asumini, na kopo la maziwa ambalo Arafa alilitoboa matundu kwa msumari, la kumwagilia. Kopo akalitundika ukutani, pembeni mwa mlango wa roshani.

Mwanzoni Bi Zuwena aliimwagilia kweli. Bomba lilikuwa chini uwanjani, maana katika majumba yale maji hupanda ghorofani kwa nadra, kama mgeni mwenye maringo. Alibeba ndoo, akapumzika kila pembe ya ngazi, akifika akajaza kopo na kuinywesha asumini huku akizungumza na mwanawe. Halafu magoti yakaanza kulalamika. Akaruka siku moja bila kuimwagilia. Asumini haikunyauka. Akaruka wiki, asumini ikatoa vitumba. Mwisho akaacha kabisa, nayo ikazidi kuchanua. Bi Zuwena hakujiuliza kwa nini. Mtu hatafuti sababu ya jambo linalomsifu.

Wanawake wakimuuliza, "Unaitia nini, shoga, mbona yetu inakufa?" alijibu, "Maji na dua. Kila uchao, kwa kopo la mwanangu." Mara ya kwanza aliposema hivyo aliona haya kidogo. Alipokuwa amekwisha kulisema neno hilo sana, alikuwa akiliamini.

Hata Salha, kila alipokuja kumtazama, aliuliza jambo hilo hilo. "Bibi, umeshaimwagilia?"

"Kabla sijanywa chai yangu mwenyewe, mke mwenzangu."

Juu yake, ghorofa ya nne, tangu Salha angali mdogo na magoti hayajaanza kulalamika, alikuwa amehamia Bi Msimu, mjane wa Makunduchi aliyeletwa mjini na mwanawe ili apumzike. Kupumzika hakukuweza. Alikusanya madumu akayakata, akaokota makopo ya rangi na beseni lililopasuka, akapanda mchaichai, pilipili, mrehani, mnavu, mpaka muhogo mmoja aliousimamisha pembeni kama askari wa zamu. Samadi ya mbuzi aliibeba mwenyewe kwenye mfuko kutoka shamba, na inasemekana siku hiyo kwenye gari alipata nafasi ya kulala.

"Umehamisha shamba lote, mwenzangu," Bi Zuwena alimwambia ngazini. "Jembe umelisahau?"

"Liko chini ya kitanda," Bi Msimu akajibu, akicheka. "Nangoja ulale nije nilime kwako."

Kila asubuhi Bi Msimu alimwagilia. Maji yaliyozidi yalitambaa sakafuni, yakatafuta kitundu cha kutokea pembeni mwa roshani, yakadondoka. Mengi yaliangukia sufuria ya Arafa, iliyokuwa imewekwa pale pale chini ya kitundu. Machache, upepo ukivuma, yaliangukia shuka za Bi Zuwena kwenye kamba. Hayo ya shuka ndiyo aliyoyaona.

Alilalamika kwa mdomo, akalalamika kwa kikohozi, akalalamika kwa kufunga mlango kwa kishindo. Bi Msimu akawa anamwaga polepole zaidi, lakini hakuacha.

Ndipo Salha alipoposwa. Msichana hakuwa na makuu. "Bibi," alisema, "dhahabu watatia wanachotia, nguo watashona wanazotaka. Mimi nataka kitu kimoja tu. Nataka nivae asumini za mama."

"Utavaa mpaka shingo ikuume," Bi Zuwena akamwahidi.

Washenga walipokuja kukamilisha maneno, Bi Zuwena aliwapangia viti roshani makusudi, wapate kuiona. Pamoja nao alikuwamo shangazi wa bwana harusi, mwanamke mwenye pua ya kunusia makosa. Chai ikamiminwa. Shangazi alikuwa ndiyo kwanza anaisifu asumini, tena kwa dhati, na Bi Zuwena ndiyo kwanza anafika penye "kila uchao, kwa kopo la mwanangu," tone likashuka. Lilikuwa nene, la rangi ya samadi, likatua katikati ya kikombe cha shangazi.

Shangazi akatazama kikombe. Akatazama juu. "Kumbe hapa kwenu," alisema, "maziwa hutoka mbinguni."

Washenga walicheka kwa adabu. Kicheko cha adabu huuma kuliko tusi. Walipokwisha kuondoka, Bi Zuwena akajifunga kanga ya pili na kupanda juu, magoti na hasira vikishindana nani atangulie.

"Hodi."

"Karibu, jirani. Pita ndani, chai i motoni."

"Sipiti. Chai nimeshashiba leo, mimi na wageni wangu. Nimekuja na neno moja. Shamba lako hili liondoke."

Bi Msimu aliweka kata yake ya maji chini. "Nimekukosea, mwenzangu. Nitaweka sahani chini ya madumu. Upande huu wa kamba halitashuka tone."

"Upande wowote. Hapa ni mjini. Watu wanakaa na watu, hawakai na mihogo. Ukikataa, nitakwenda kwa sheha wa mtaa, na mwanao aache ofisi yake aje ajibu yeye."

Kwa kutajiwa mwanawe, Bi Msimu akasogea ukingoni. Akatazama chini kupitia vyuma vya roshani, palipokuwa na sufuria ya Arafa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama anayeuliza habari za mgonjwa: "Na asumini je?"

"Asumini yangu imekufanya nini?"

"Nauliza tu."

"Ina mwenyewe. Naimwagilia kwa mkono wangu kila uchao. Haina haja na maji yako ya samadi."

Bi Msimu aliiokota kata yake. Angeweza kusema kitu. Wengi wanasema angesema, na mimi nasema hivyo hivyo, lakini mtu akikuapia usoni mwako, kumkanusha ni kazi ya mwenye moyo mgumu. "Haya, mwenzangu," akasema. "Kama ina mwenyewe."

Mwanawe alikuwa mtu asiyependa maneno ya ngazini. Haikupita wiki, madumu yakapakiwa kwenye gari, muhogo ukiwa juu umeinama kama aliyefukuzwa kazi. Na mimea ilipoondoka, Bi Msimu naye hakuona anangoja nini. Akaifuata.

Shuka za Bi Zuwena zikakauka nyeupe. Kwa siku kadhaa alizitazama kwa furaha.

Ilikuwa kaskazi, jua la kukaanga mawe. Majani ya asumini yakaanza kujikunja. Vitumba vikaanguka kabla ya kufunguka. Bi Zuwena akasema ni jicho la yule shangazi, akafukiza ubani. Majani yakawa ya manjano. Akasema ni ubani haukuwa mzuri. Hatimaye akatia kidole kwenye sufuria, na kidole hakikuingia. Udongo ulikuwa mgumu kama mkate wa juzi.

Hapo ndipo alipojua. Alisimama na kidole chake hewani, akasikiliza, kana kwamba atasikia tena ile sauti aliyoichukia: ta, ta, ta. Hapakuwa na kitu.

Alishuka na ndoo kama mtu anayekimbiza moto. Akapanda nayo, pembe kwa pembe, akaimimina yote kwa mkupuo. Maji hayakukaa. Yalipita kwenye nyufa za udongo, yakatokea chini ya sufuria, yakashuka ghorofa ya pili, na sauti ya mwanamke ikapanda kutoka huko: "Nani huyo? Nguo zangu hizo!"

Bi Zuwena aliitupa ndoo. Alikuwa ameshaanza kupanda ngazi za juu.

Mlango ulifunguliwa na Hidaya, mke wa mwana wa Bi Msimu, mikono ina povu la sabuni. "Mama hayupo, Bi Zuwena. Amerudi shamba, na kasema harudi. Anasema huku ghorofani hana tena wa kumnywesha."

"Nilitaka… nilitaka kumuuliza habari ya asumini."

Hidaya akajifuta mikono. "Ile ya kwako? Ile alikuwa akiipenda. Kila asubuhi akimaliza makopo yake humwaga kata moja zaidi pale kwenye kitundu. Nilimwambia, mama, maji haya tunayapandisha ngazi zote hizi kwa kichwa, wewe unayamwaga tu? Akaniambia, na ya chini ina roho, mwenyewe magoti yanamuuma."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema alikuuliza, ukamwambia ina mwenyewe."

Bi Zuwena alishuka akishika ukuta. Siku zile zote zilizofuata aliimwagilia, asubuhi na jioni, kwa ndoo, kwa jagi, kwa bakuli, kwa chochote kilichokuwa karibu na mkono. Aliimwagilia kama inavyopasa kumwagiliwa kitu kilicho hai. Lakini ilikuwa imekwisha kuwa vijiti.

Harusi ilipokaribia, Salha akaja kuhesabu vitumba vyake. Aliingia akiwa na kicheko mdomoni, akaenda moja kwa moja roshani, na kicheko kikabaki huko mlangoni.

"Bibi, imekuwaje?"

Hapo ukweli ungetosha. Ulikuwa mfupi, na mtoto alikuwa wake, angelia naye kisha wangenyamaza pamoja. Lakini Bi Zuwena alikuwa ameuzoesha ulimi njia moja kwa miaka, na ulimi ni kama punda wa maji, hurudi mwenyewe palepale.

"Mdudu, mke mwenzangu. Mdudu wa mizizi. Siku hizi wamezidi."

Salha akapiga magoti kando ya sufuria, akashika kijiti kimoja. Kikavunjika. "Lini imeanza?"

"Juzijuzi tu."

"Mbona pakavu hapa? Palikuwa na tone likidondoka kila nikija, nikiwa mdogo nikilikinga kwa kiganja."

"Lile nimelikomesha," Bi Zuwena akasema, na kwa mazoea akainua kidevu. "Tangu walipokuja washenga."

Salha hakuinuka. Alikitazama kitundu cha juu kilipoachia mstari wa ukungu mweusi ukutani, kisha akautazama udongo. "Bibi. Ulikuwa ukiimwagilia?"

"Unaniuliza mimi? Kila uchao! Hata leo. Kwa kopo hili hili la mama yako."

Na ili mtoto aamini, akalitungua kopo msumarini, akampa.

Salha alilipokea kwa mikono miwili, kwa sababu lilikuwa la mama yake. Akachungulia ndani. Chini ya kopo kulikuwa na kiota cha nyigu, cha udongo uliokauka zamani, vyumba juu ya vyumba kama jumba lenyewe la ghorofa, kimeziba kila tundu la msumari wa Arafa.

"Hicho kimejengwa jana," Bi Zuwena akasema upesi.

"Nyigu hajengi penye maji, Bibi."

Juu yao, Hidaya alikuwa akianika shuka, akaacha mkono wake kwenye kamba. Salha akalirudisha kopo ukutani taratibu, kama amlazaye mtoto. Hakugomba. Laiti angegomba. Alijifunga buibui lake, akasimama kidogo mlangoni, mgongo akiwa amempa bibi yake.

"Tone la juu likikoma," alisema, "asumini husema."