Mzee Kibwana Alale kwa Nani?

Sogeeni. Mwenye wivu akae mbele kabisa, maana hadithi hii inamhusu, nami nitaketi karibu naye.

Palikuwa na fundi baiskeli aitwaye Mzee Kibwana, mwenye wake watatu na nyumba tatu katika uchochoro mmoja. Alilala kwa kila mke kwa zamu, na hakuna aliyewahi kumwachia mwenzake zamu yake hata siku alipokuwa na homa. Bi Zena, mke mkubwa, alijaliwa masikio. Kikombe kikigonga sahani nyumba ya tatu, atakwambia ni kikombe cha nani. Bi Sikudhani, wa kati, alijaliwa macho. Mtu akipita tu, yeye ameshajua kakonda kiasi gani na kakondea wapi. Bi Ashura, mdogo wao, alijaliwa usingizi mwepesi, paka akikanyaga bati anaamka. Vipaji hivyo vingeweza kuwafaa watu, lakini wao walivitumia kuchunguzana.

Basi mzee akaugua ngiri, ikamzidi, akalazwa hospitali ili apasuliwe. Katika hospitali ile kila mzee anayelazwa huhojiwa kwanza, ijulikane ni hatari gani nyingine inamnyemelea zaidi ya ugonjwa uliomleta. Nesi Editha akavuta kiti. Wake watatu walikizunguka kitanda, kila mmoja na kikapu chake cha chakula, kila mmoja akiombea cha mwenzake kipoe.

"Babu, mwaka huu umewahi kuanguka?"

"Mimi? Labda nikiwa natambaa."

"Chakula unakula vizuri?"

"Muulize mpishi yeyote kati ya hawa."

"Na usiku, huamki ukachanganyikiwa?"

"Sista, niulize habari za baiskeli. Hayo mengine sina."

Nesi akaanza kunyanyuka. Kwa majibu hayo, mzee angepasuliwa kama kijana.

Bi Zena ndiye aliyemrudisha kitini. "Anaanguka, mwanangu. Anaanguka bafuni kwa huyu hapa," akasema, akimnyooshea Bi Sikudhani kidole, "sakafu yake haikauki. Nilisikia kishindo nikiwa jikoni kwangu, na juzi nikakisikia tena." Hakuyasema kwa kumwonea mzee huruma. Alitaka nesi ajue nani hafai. Lakini Nesi Editha aliagiza kitanda kishushwe, mzee apewe mkongojo, na asiende msalani peke yake.

Bi Sikudhani roho ilimuuma. "Kama ni kusema, tuseme yote, bi mkubwa. Mzee akitoka kwako mkanda umerudi tundu jingine. Meno ya kutafunia nyama zako hana, na anaona haya kukwambia, kwa hiyo anawatupia kuku. Siku hizi suruali anaifunga kwa kamba." Naye alisema kwa kijicho tu. Mzee akapimwa uzito, daktari akashtuka. Upasuaji ukaahirishwa, kwanza alishwe uji wa maziwa, mayai na samaki wa kuchambuliwa mpaka apate nguvu kidogo.

Wawili hao sasa wakamgeukia Bi Ashura. "Na wewe, bibi mdogo? Au kwako ni peponi?"

"Kwangu hana neno," akajibu, akafunga kikapu chake.

Siku zikapita. Asubuhi ya upasuaji, Bi Ashura aliwatangulia wenzake, akamsubiri nesi mlangoni mwa wodi. "Sista, siku ile nilikudanganya. Usiku mzee huamka hajui alipo. Anatafuta mlango kwenye kabati. Nikimshika mkono ananiuliza mimi ni nani, halafu ananiita Zena." Jina hilo alilitaja akitazama chini. Tangu aolewe hakuna kilichowahi kumchoma kama hilo, na hakuwahi kumwambia hata mama yake. Nesi akampelekea daktari habari. Dawa za usingizi zikabadilishwa, ikaamriwa mzee avishwe miwani yake mara akizinduka, aone alipo, na mtu anayemjua akae naye kila saa.

Mzee alipasuliwa. Alipozinduka alitaka kushuka kitandani akafungue kibanda cha baiskeli, lakini walikuwa wamejiandaa, wakamtuliza. Kidonda kikafunga vizuri.

Siku ya kuruhusiwa, daktari akawaita wote watatu. "Mmenisaidia sawasawa. Lingekosekana jibu moja, leo nisingekuwa namruhusu. Ila sasa asihamehame. Alale nyumba moja, ajue mlango uko wapi. Zamu ndiyo basi."

Hapo kila mmoja alijua kinachogombewa. Kwa umri ule wa mzee, nyumba atakayoingia leo ndiyo atakayomalizia.

"Ni kwangu," akasema Bi Zena. "Mimi ndiye niliyemrudisha nesi kitini, nyote mlikuwa mabubu. Na usiku anamwita nani? Nesi alipomwambia daktari, masikio yangu yalisikia."

"Akae kwako afe njaa?" akauliza Bi Sikudhani. "Kisu kingemkuta mifupa mitupu. Mimi ndiye niliyemtia nyama mwilini."

Bi Ashura akasema, "Nilijua bi mkubwa atalishika hilo jina, ndiyo maana nilitaka kunyamaza. Nyinyi mliaibishana. Mimi nilijiaibisha."

"Ukanyamaza mpaka siku ya kisu," akajibu Bi Sikudhani.

Wakamgeukia mzee. Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Mimi sijapona sawasawa. Amueni nyinyi."

Bajaji iko nje, mzee ameshapakiwa, na dereva anauliza njia. Je, wewe ungemwambia ampeleke kwa nani? Na hao wawili utakaowaachia vitanda vitupu, siku nesi atakapouliza tena, unadhani watajibu?