Bangili ya Mghoi

“Bangili huonwa, mtu hubainiwa.” Mmeisikia leo mnadani, mjomba wenu alipomkataa yule ng'ombe mwenye kengele nzuri shingoni, nanyi mkacheka: bangili na ng'ombe wapi na wapi! Basi tulieni niwaambie. Methali hii haikushuka kutoka mbinguni. Ilizaliwa katika ukoo wetu, siku ya harusi, na naisimulia nikiwa nimetanua kifua.

Zamani, huku kwetu milimani Taita, bwana harusi hakukabidhiwa mke hivi hivi. Mabinti wa kimo kimoja waliketishwa mkekani, wakafunikwa leso kutoka utosini hadi miguuni, na bibi harusi akiwa mmoja wao. Bwana harusi alipaswa kumgusa wake begani. Akimgusa mwingine, alirudi kwao mikono mitupu hadi mavuno yajayo. Na ninyi mnawajua walimwengu: kabla ya mavuno hayo, maneno yao yalikuwa yameshaivunja posa.

Mghoi alikuwa binti wa marehemu Mwakio, mtu aliyechimba mfereji wa kuleta maji ya chemchemi mpaka mashambani. Alipoanza kuchimba, wanaume wenzake walimwona amerukwa na akili, wakamwachia jembe lake. Aliyemsaidia ni Mghoi peke yake, akibeba mawe na kupanga kingo mpaka maji yakafika. Baba yake alipofariki, Mghoi hakuwa na kitu kingine cha kujivunia duniani zaidi ya mfereji ule.

Mchumba wake, Mwadime, alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Alikaa huko muda mrefu, na aliporudi alimletea bangili ya shaba, pana na yenye nakshi. Kijiji kizima kiliijua bangili hiyo. Kwa hiyo asubuhi ya harusi, shangazi yake Mkabili alipomshika mkono na kuivua, Mghoi alishtuka.

“Shangazi, hiyo ni yangu!”

“Ni yako, sijakunyang'anya. Leo ataivaa Wakio, mmoja wa wenzako wa mkekani.”

“Mwadime ataiona, aende kwa Wakio!”

“Akienda, nitajua alichokuwa akikitazama siku zote. Kaka yangu hayupo kukulinda, mwanangu, nipo mimi. Sitamkabidhi mtoto wa Mwakio kwa mtu anayemjua kwa shaba.”

Shangazi akawafunika wote, akawaamuru wainamishe vichwa na mtu asikohoe wala asijitikise. Mkono wa Wakio aliuacha nje kidogo, makusudi.

Chini ya leso Mghoi hakuona kitu, ila alisikia kila kitu. Alisikia upande wa bwana harusi wakiingia kwa nyimbo, kisha akasikia ndugu zake Mwadime wakinong'ona, “Si yule pale! Tazama mkono!” Nyayo za Mwadime zikaenda moja kwa moja hadi alipoketi Wakio, zikasimama. Mghoi alitaka kulia. Kikohozi kimoja tu kingemwokoa, na kilikuwa tayari kooni. Akakimeza. Kama mume wake hamjui mpaka akohoe, basi na asimjue.

Mara Mwadime akapaza sauti ya utani.

“Wakwe zangu, huko nilikokuwa, nimesikia habari zenu. Wanasema mfereji wa mzee Mwakio ulichimbwa na mlevi, ndiyo maana umepindapinda!”

Utani wa harusini haukatazwi, na watu waliangua kicheko. Mabinti nao wakacheka chini ya leso, Wakio akacheka hata bangili ikatikisika. Mghoi hakucheka. Damu ilimchemka, akasahau amri ya shangazi. Mgongo wake ulinyooka na kichwa kikainuka, akakaa wima kama mtu anayesubiri kujibu mashtaka.

Mkono ukatua begani mwake.

“Mke wangu ni huyu,” alisema Mwadime.

Leso ilipofunuliwa, macho ya Mghoi yalikuwa yamejaa machozi ya hasira.

“Mfereji uliuzunguka mwamba,” alimwambia. “Ndiyo maana umepinda. Na baba yangu hakuwahi kuonja pombe.”

“Najua. Nisamehe, Mghoi. Leo asubuhi nikipanda huku nimeyanywa maji yake, na nikamwombea mzee.”

Shangazi Mkabili akasogea mbele. “Na bangili, hukuiona?”

“Niliiona, shangazi. Nimeinunua mwenyewe, ningeikosaje? Lakini aliyeivaa alicheka. Mghoi hawezi kucheka mfereji wa baba yake ukisemwa vibaya.”

Shangazi aliivua bangili mkononi mwa Wakio, akampa Mwadime amvishe mkewe. Kisha akawageukia watu, naye alikuwa akilia bila kujificha. “Mmesikia? Bangili huonwa, mtu hubainiwa!” Vigelegele vikalipuka, na kuanzia siku hiyo maneno yake yakawa ya wote. Watu huyasema wakichagua rafiki, wakichagua kiongozi, hata wakichagua ng'ombe. Kuona tu, hata mbuzi anaona. Kubaini ni kukijua kitu mpaka kisiweze kufichwa kwako.

Mghoi ndiye aliyenizaa mimi. Alizeeka akitembea kichwa juu, na aliyemwoa alijua ni kwa nini. Nanyi mtakapokwenda kuposa au kuposwa, msinitie aibu: bangili huonwa, mtu hubainiwa.