Breki Iliyovaa Kanga

Jirani Shemhilu anadai kuwa ni mzimu uliomtupa Hoza bondeni. Ukimpa nafasi atakueleza hata rangi ya huo mzimu. Ati ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo, umekaa pale Mlango wa Kwembezi, mahali milima miwili inapoachana, ukingoja tumbaku. Hoza akapita na baiskeli yake bila kuutupia hata punje ya ugoro, nao ukamsukuma. Hayo aliyasema jikoni kwa Bi Singano, mvua ilipomzuia kwenda kwake, na vijana waliokuwa wakichambua iliki wakacheka. Alipoona mvua imepungua akasimama, akafunga maneno yake kwa methali, maana Shemhilu haondoki mahali bila methali: "Ndiyo maana tunaambiwa, aliyekusukuma mlimani, usimwache kileleni."

Alipokwisha kutoka, Nuru, mjukuu wa Bi Singano, akauliza swali. Kama mzimu ndio uliomsukuma Hoza, na tena ulimsukuma bondeni, iweje mtu ahimizwe asiuache? Wenzake wakaona ana haki. Methali na kisa havikupatana. Bi Singano akasema kwamba Shemhilu ameshika mkia akamwacha ng'ombe. Mzimu haukuwepo. Palikuwa na mtu na dada yake, basi. Akauvuta ungo wake karibu na moto, akaanza.

Aliyekusukuma mlimani, usimwache kileleni. Methali hii ilianza hivi.

Kabla magari hayajafika Mazumbe, ndizi zilikuwa zinaozea shambani, na kule chini Kigwasi, upande wa pwani, walikuwapo watu wanaozitafuta. Kati ya ndizi na watu ulikuwapo Mlango wa Kwembezi. Upande wa kwetu njia ni ya kupanda tu, mpaka magoti yanaomba radhi. Ukifika juu, siku isiyo na ukungu, unaiona bahari kwa mbali, nyembamba kama ukingo wa sahani. Kisha unashuka, kona baada ya kona, mkono mmoja ukuta wa mlima na mkono wa pili huna kitu.

Watu walizivusha ndizi kwa baiskeli. Lakini baiskeli yenye mikungu haipandi kwa pedeli, hupanda kwa kusukumwa. Na ikielekea chini haishikiki kwa breki, maana raba huanza kunuka kabla hujafika kona ya kwanza. Kwa hiyo walikwenda wawiliwawili. Mmoja alishika usukani, na mwingine aliweka bega kwenye keria akasukuma mpaka juu. Pale juu walipumzika, wakafunga kamba ya katani kwenye keria, na yule msukumaji akawa mshika kamba. Akajizungushia kamba kiunoni, akaegemea nyuma, akakita visigino, akawa ndiye breki. Mwenye usukani hawezi kumwona, mikungu imemziba. Ndiyo sababu palikuwa na desturi: kabla ya kuteremka huuliza, "Uko?" na wa nyuma hujibu, "Nipo." Bila jibu hilo gurudumu halizunguki. Asiyekuwa na mwenzake alikata gogo akalifunga nyuma likaburuzika, akashuka polepole na vumbi lake.

Hoza alikuwa na dada. Baba yao alikufa akawaachia baiskeli, shamba la migomba na mama mwenye kifua kibovu. Hoza alikuwa kijana mwenye miguu kama ya korongo, na ndugu wa kiume hakuwa naye. Basi Mandia, dada yake mkubwa, alijifunga kanga mbili, akaweka bega kwenye keria. Watu walidhani ni mambo ya msimu mmoja. Mikono yake ikaota sugu, kiuno kikapata alama ya kamba, nyumba ya mama ikapata bati, na misimu ikapita Mandia yupo nyuma ya baiskeli.

Wanaume wa njiani hawakukosa la kusema. Walimwamkia Hoza kwa adabu zote, wakamuuliza hali ya shamba, kisha wakamuuliza hali ya breki yake iliyovaa kanga, kama haijaanza kulia. Mandia aliwajibu huku akipita kwamba hata breki zao zinalia, ila wao huziita pumu. Walicheka, naye alicheka. Hoza hakucheka. Aliutazama usukani.

Akatokea mwanamume, Kupaza, fundi wa kuezeka, aliyemtaka Mandia. Alimtuma mshenga, Mzee Shekuwe, na kwa kuwa baba alikwisha kufa wala hakuacha ndugu wa kiume, neno la kumwoza Mandia lilikuwa la Hoza. Shekuwe alikuja mara ya kwanza, akaambiwa wangoje ndizi ziishe. Alikuja tena, akaambiwa wangoje bati. Bati lilipopigwa, akaambiwa si vizuri nyumba itoe kabla haijaingiza, Hoza aoe kwanza. Majibu yote hayo Mandia aliyasikia akiwa nyuma ya ukuta wa jikoni. Hakugomba. Mtu anayeshika kamba huzoea kuvumilia uzito.

Hatimaye Hoza akapata mchumba, binti wa Bwana Kibindo, mwenye duka la nguo pale Kigwasi. Ikapangwa siku wakwe wamwone mkwe wao, naye awapelekee mikungu ya kuwasalimia. Jioni ya kuamkia safari, mbele ya mama yao, Hoza alimwahidi dada yake kwamba Mzee Shekuwe naye atakuwa Kigwasi siku hiyo, na wakimaliza kwa Kibindo, atampa neno lake palepale, hadharani. Mandia akafua kanga yake nzuri, akaikunja, akaifunga kwenye kifurushi ili aivae akifika chini.

Walipanda asubuhi kukiwa na ukungu. Ilikuwa mikungu mikubwa, ya kuonyesha wakwe, na mahali penye utelezi Mandia alisukuma kwa paji la uso. Walipofika kileleni ukungu ukapasuka, bahari ikaonekana. Mandia alikaa akala kiazi. Hoza hakukaa. Alitoa kanzu mpya katika mfuko, akaivaa, akaanza kutazama chini kwenye njia. Kisha akaichukua kamba, akaikunja, akaiweka juu ya jiwe.

"Dada, wewe pumzika hapa," alisema. "Leo nitashuka mwenyewe."

Mandia alidhani ni utani. "Utashuka na nini?"

"Kibindo na watu wake watasimama pale darajani Kigwasi kunipokea. Wanitazame nikiletwa na mwanamke kwa kamba, kama mbuzi wa mnada?"

"Basi nishike mpaka kona ya mwisho. Hawataniona. Nitakaa vichakani mpaka uondoke."

"Watasikia visigino."

"Kata gogo, basi."

"Na kanzu hii? Vumbi la gogo lote litakuwa langu."

Mandia akasimama. Akamwuliza lile lililokuwa moyoni mwake tangu jana. "Na neno la Mzee Shekuwe?"

Hoza alipanga mikono yake kwenye usukani. "Nitakapoona wakati unafaa, dada. Kuna haraka gani? Nani atakuchukua ghafla?"

Hakuuliza kama yupo. Aliuinua mguu wake mwembamba, akakaa, akaenda.

Mandia alibaki na kifurushi chake na kamba juu ya jiwe. Alisikia raba zikianza kupiga kelele mapema mno, kabla ya kona ya kwanza. Alijua mlio ule kama mtu anavyojua kikohozi cha mama yake. Akaanza kukimbia, na hapo sauti ya mdogo wake ikapanda kutoka chini, sauti aliyoizoea, ikiuliza swali lile la kila safari:

"Dada, uko?"

Mazoea, wanangu. Alikwisha kumwacha, na mdomo wake ukamwita. Mandia alijibu kwa nguvu zake zote kwamba yupo, lakini mikono yake haikuwa na kitu cha kuvuta.

Alimkuta chini ya kona ya tatu, ndizi zimetapakaa, gurudumu moja likizunguka hewani. Alikuwa hai. Alikuwa anaomba afunikwe, kanzu ilikuwa imepasuka. Wapita njia walimbeba kwa machela ya fito kumrudisha Mazumbe, na katika kupanda tena mpaka kileleni, kama kawaida, Mandia ndiye aliyekuwa nyuma akisukuma.

Mganga wa hospitali alisema mgongo umevunjika karibu na shingo, na kwamba kuanzia mabegani kwenda chini Hoza hatajua tena baridi wala moto. Kibindo alileta sukari na maneno mazuri, akasema mambo yote ni ya Mungu, na binti yake akaolewa Kigwasi hiyohiyo. Wale waliokuwa wakitania njiani walikuja kumjulia hali, wakanywa chai, wakaondoka. Kazi ya kumgeuza Hoza kitandani, kumwosha na kumlisha, ikawa ya yule aliyekuwa nyuma ya keria.

Wala Kupaza hakubadili nia, jambo ambalo watu wengi hawakulitegemea. Mzee Shekuwe akarudi. Safari hii aliingia mpaka chumbani, maana mwenye neno alikuwa hawezi kutoka. Watu wakajaa uani, kama ilivyo kawaida ya watu. Mama mtu alikuwa kando na bakuli la uji. Mandia alisimama mlangoni, hakukaa nyuma ya ukuta wa jikoni tena.

Shekuwe alieleza taratibu kwamba Kupaza yuko tayari kujenga hapahapa Mazumbe, ng'ambo ya kijito, ili Mandia aweze kuja asubuhi na jioni. Hakuna atakayeachwa. Mgonjwa atageuzwa, ataoshwa. Kinachotakiwa ni neno tu.

"Akishakuwa na watoto wake atakuja?" Hoza aliuliza. "Usiku nikiita, kijito kitasikia?"

Mandia akasogea akapiga goti kitandani. Hajawahi kumwomba mdogo wake kitu chochote, mkubwa hamwombi mdogo. Siku hiyo alimwomba.

"Hoza, mdogo wangu. Sikuambii unirudishie miaka yangu. Wala ile siku sitaitaja, nisipoulizwa. Sema tu, 'Nimekubali.' Nami kesho asubuhi nitakuja kukugeuza, na keshokutwa nitakuja. Unanijua."

Hoza aligeuza shingo, kiungo pekee alichoweza kukigeuza bila msaada, akautazama ukuta.

Uji uliganda juu. Mzee Shekuwe alingoja kama mtu anayengoja mvua ipite, hata alipoona haipiti, akachukua bakora yake, akamwinamia Hoza, akasema kwa sauti iliyofika mpaka uani:

"Kijana, mara ya kwanza ulikosa akili, tukakuhurumia. Aliyekusukuma mlimani, usimwache kileleni."

Kisha akakaa tena. Mandia naye hakuinuka pale alipopiga goti. Waliokuwa uani walikaa mpaka kivuli cha nyumba kikahama, wengine wakaanza kukumbuka mifugo, wakatoka mmojammoja. Waliyachukua maneno ya mzee wakaenda nayo majumbani na njiani, kwa kuwa ndani ya chumba kile hawakusikia jibu la kuchukua.

Aliyekusukuma mlimani, usimwache kileleni. Nuru aliuliza kama mwishowe Hoza alisema. Bi Singano akasema kwamba waliotoka uani walitoka na methali tu, akainamia ungo, akaendelea kutenganisha iliki nzima na zilizopasuka.